Mwaka Generoza Alipoanza Kutembea

Wiki iliyopita tulimzika Generoza kwao Kanazi, na kabla jeneza halijatolewa nje mpwa wake alisimama na karatasi mbili akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akafundisha Historia kwa miaka mingi wilayani Biharamulo, akastaafu, akarudi nyumbani. Halafu, kwa sauti ileile aliyosomea mambo ya kweli, akaendelea: "Marehemu alikuwa mpenzi mkubwa wa mazoezi. Kila jioni, hata baada ya kustaafu, alitembea mwendo mrefu kwa ajili ya afya yake, na amekuwa mfano kwa vijana wengi." Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, katikati ya walimu wastaafu, na ilinibidi niufiche uso kwenye khanga. Mama aliyekaa pembeni yangu akanishika bega, akaninong'oneza nijikaze. Nilikuwa nimejikaza kweli, kwa sababu kucheka msibani si jambo la mtu wa umri wangu.

Sisemi kwamba kijana alidanganya. Generoza alitembea kila jioni kwa zaidi ya miaka ishirini, na ugonjwa uliomwondoa ulikuwa mwingine kabisa, wa tumbo. Mguu wake ulikuwa bado unambeba. Ninachokijua mimi, na ambacho wengi pale uwanjani hawakukijua, ni namna mwanamke aliyechukia mazoezi kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye alivyopata sifa hiyo. Mtaalamu wa mazoezi katika nyumba yetu nilikuwa mimi. Nilikuwa na shahada, vitabu viwili vya afya na raba nyeupe. Mwaka ule wote nilimfundisha Generoza jinsi ya kujiokoa, na kama angenisikiliza vizuri nadhani angebaki kitandani mpaka mwisho.

Tulikaa nyumba moja ya walimu, nje kidogo ya mji wa Biharamulo: vyumba viwili, sebule, na jiko la nje lenye bati lililotoboka mahali pamoja, juu ya jiwe la tatu la mafiga. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tatu, yeye arobaini na mitano. Nilimwita dada, yeye aliniita Domi akiwa na furaha, na Mwalimu Domitila nikiwa nimemuudhi. Kwa kuwa wote tulikuwa watu wa Ngara, yeye wa Kanazi na mimi wa Mugoma, uongozi wa shule uliona tutaelewana. Tulielewana hasa mezani. Generoza alipika ndizi kwa maharage na mawese mpaka zikang'aa, kisha akaweka kopo la chumvi katikati ya meza, mahali ambapo nyumba nyingine huweka maua. Tukishakula, tulikaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya jioni. Yeye alikaa kwenye kiti cha dirishani, upande wa kwa jirani, sikio limeinama kidogo. Mimi nilisahihisha madaftari, na habari za mtaa mzima zikawa zinapita juu ya kichwa changu. Nani kahamishwa, nani kaposwa, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Sikuwahi kujiuliza alizipata wapi habari zote hizo mtu asiyetoka. Zilimfuata. Kila mtu aliyepita na ndoo, na baiskeli, na mtoto mgongoni, alisimama pale dirishani kulipa ushuru.

Mwezi wa pili wauguzi walikuja shuleni kupima presha za walimu. Tuliwekwa kwenye foleni ofisini, tukakunja mikono ya magauni. Nesi alinipima mimi mara mbili, akampima Generoza mara tatu, kisha akatutazama kwa zamu.

"Ninyi mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Na chumvi ni moja?"

"Chumvi ni yangu," alisema Generoza. "Huyu anakula tu."

Akatuambia kwamba presha yangu imeanza kupanda na ya Generoza imeshapanda. Kwamba Generoza ameze vidonge kila siku bila kuruka, na kwamba wote wawili tupunguze chumvi na tufanye mazoezi. Niliuliza ni mazoezi gani, kalamu ikiwa tayari mkononi. Nilitaka orodha.

"Yoyote mnayoyapenda," alisema. "Msiniambie mtakimbia kama hampendi kukimbia. Mtu akifanya asichokipenda, mwezi hauishi ameacha. Tafuteni kitu ambacho mkikikosa siku moja mtakasirika."

"Mimi nikikosa kukaa nakasirika," alisema Generoza, akashusha mkono wa gauni lake.

Niliandika neno moja: kukimbia. Sikupenda kukimbia, lakini vitabu vyangu viwili vilikubaliana juu ya kukimbia, na mtu aliyesoma huamini vitabu viwili kuliko nesi mmoja. Nilianza likizo ya Pasaka, nyumbani Mugoma, nikidhani kwetu nitakuwa huru. Niliamka kabla jua halijachomoza, nikavaa raba na suruali ya michezo, juu yake nikafunga kitenge maana njia inapita parokiani, nikaanza. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kwetu hata mtoto anajua: mtu mzima hakimbii bila sababu, na ukimwona anakimbia, unaacha ulichoshika unamfuata, utaambiwa huko mbele ni nini. Kwanza alinifuata mwanamume mmoja aliyekuwa anapalilia kahawa. Kisha wanawake wawili. Nikasikia mtu anapiga yowe upande wa bondeni, na yowe jingine likaitika ng'ambo ya kilima, na mimi, kwa ujinga, nikaongeza mwendo nikiogopa lililokuwa linatokea nyuma yangu. Nilipofika njiapanda nikasimama kwa kukosa pumzi. Walikuwa watu kama thelathini. Mmoja alikuwa na panga, mwingine ndoo ya maji.

"Wapi?" aliuliza wa ndoo.

"Wapi nini?"

"Moto."

"Si moto, ni mwizi," alisema wa panga. "Kapita huku?"

Bibi mmoja, jirani yetu, alifika wa mwisho, mkono kiunoni, watu wakampisha akapita mpaka mbele. Akaniuliza kwa upole nani amefariki.

"Shikamoo bibi. Hakuna aliyefariki. Nafanya mazoezi."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Mazoezi, bibi. Nina presha."

Alinitazama kuanzia raba mpaka kitenge. "Haya," alisema. "Na sasa umetugawia wote."

Hawakuweza kurudi mikono mitupu baada ya kutoka mbali namna ile, kwa hiyo walinisindikiza nyumbani, wa panga mbele na wa ndoo nyuma, wakanikabidhi kwa watu wangu. Niliporudi Biharamulo baada ya likizo Generoza alikuwa ananingoja mlangoni. Yeye Pasaka aliila Kanazi. "Nasikia umekusanya kata nzima," alisema, akanisimulia kisa changu mwenyewe kwa ukamilifu kuliko nilivyokijua. Alijua hata aliyepiga yowe la kwanza.

Nilijaribu kuruka kamba nyuma ya nyumba. Wanafunzi wa bweni wakapanga mstari kwenye ua wakawa wananihesabia kwa sauti, na mimi ni mwalimu wa Jiografia ambaye kesho yake alitakiwa kuogopwa. Nilijaribu mazoezi ya viungo ya kitabuni, chumbani, mlango umefungwa. Kitanda kililalamika na Generoza akauliza kutoka sebuleni kama ninahamisha kabati. Kila kimoja nilikiacha kabla mwezi haujaisha, kama nesi alivyosema. Yeye wakati huo alikuwa anameza vidonge vyake na kukaa dirishani, akinitazama kwa huruma.

Mwezi wa nane ndipo nilipopata changu. Jirani yetu wa upande wa dirisha alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia kutoka upande wa Shinyanga na ng'ombe zake, mkewe Mama Kulwa, na jembe lake. Masanja aliongoza kikundi cha kulima kwa ngoma. Nilikuwa nimeshaona bugobogobo kwenye sherehe za serikali, wacheza ngoma wakirusha majembe juu na kuyadaka mbele ya mgeni rasmi, na nilidhani ni maonyesho tu. Asubuhi moja ya Jumamosi niliamshwa na ngoma, nikatoka, nikakuta mstari wa watu kumi na wanane, wanaume kwa wanawake, wanashuka na shamba la mtu. Majembe yalipanda pamoja na kushuka pamoja, mpigaji alikuwa nyuma yao, na Masanja aliimba akitia ndani ya wimbo jina la yeyote aliyechelewa. Nilisimama ukingoni mpaka chai yangu ikapoa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na jembe la kuazima.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimia Masanja kwa Kisukuma. "Umekuja kulima au kuangalia?"

"Kulima. Kwa ajili ya afya."

"Shamba halijui afya. Shika mwisho wa mstari."

Baada ya nusu saa alirudi kuniangalia. "Unalima kama unaandika ubaoni," alisema. "Mwandiko mzuri, ila kipindi kitaisha." Mstari mzima ukacheka bila kukosa pigo. Mimi nilicheka nikakosa matatu.

Nimejaribu mara nyingi tangu wakati huo kueleza kilichonipata pale, na maelezo yote yanatoka ya kizembe. Nilipokimbia nilihesabu hatua, niliporuka kamba nilihesabu miruko, na kuhesabu huko ndiko kulikonichosha. Hapa ngoma ilihesabu kwa niaba yangu. Nilishtuka jua liko juu na tuta nililokuwa nikilitazama kwa woga liko nyuma yangu. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na saba, kwa sehemu kubwa ili nisishike jembe, na Generoza hakuacha kunikumbusha. "Jembe ulilikimbia mpaka chuo kikuu," alisema nikiwa naosha miguu, "leo unaliamkia alfajiri." Lakini mwezi wa tisa ulipoanza nesi alinipima akatabasamu. Nikawa nakwenda kila Jumamosi na jioni mbili za katikati ya wiki, na siku mvua ikizuia nilikuwa mtu mbaya wa kuishi naye.

Mtu aliyeokoka hutaka kuokoa wengine. Nilimsumbua Generoza mpaka siku moja akakubali kuja shambani. Alitembea kwa shida, akisimama kila baada ya hatua chache, na alipofika alikwenda moja kwa moja kivulini walikokaa wanawake waliokuwa wanapika, akapewa kisu na viazi vya kumenya, akakaa hapo asubuhi nzima akila michembe, viazi vilivyokaushwa, na kucheka. Wakati wa kurudi nilikuwa na hasira.

"Nimekuleta ufanye mazoezi, umekuja kufanya umbea."

"Umbea nimeufuata kwa miguu, Mwalimu Domitila," alisema. "Kwenda na kurudi."

Nililichukulia kama jibu la mtu mvivu, nikatembea mbele yake.

Kuna jambo jingine la majuma yale ambalo sijawahi kumwambia mtu. Vidonge vyake vilikaa kwenye kabati la vyombo, karibu na sukari, na nikiwa natafuta kijiko niliona pakiti haipungui. Nilimuuliza mara moja. Alisema vinamfanya atoke darasani kwenda msalani kipindi kikiendelea, na wanafunzi wameanza kumwigiza. Nilisema, "Dada, meza." Nilikuwa nimeshika jembe tayari, na ngoma ilikuwa imeanza. Sikuuliza tena.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa katikati ya shamba nilipomwona Mama Kulwa akija mbio kati ya matuta, mikono juu, na mstari wote ukasimama kabla hajasema neno. Generoza alikuwa ameanguka kati ya meza na dirisha. Tulipofika alikuwa sakafuni, macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja, na mkono wa kushoto ulikuwa chini yake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Masanja na wenzake walimbeba kwa zamu juu ya mlango walioung'oa kwenye bawaba, mpaka barabarani tulipopata gari. Nilikuwa bado na udongo mpaka magotini. Daktari aliniuliza kama alikuwa anameza dawa zake, nikasema nadhani.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mdomo ulikuwa umenyooka, maneno yamerudi yote, mkono ulifunga na kufungua. Mguu wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Hospitali walimpa karatasi ya mazoezi, nami nikafanya ninachokijua: nikachora ratiba kwa kalamu za rangi mbili nikaibandika ukutani mbele ya kitanda chake. Asubuhi kunyanyua mguu mara ishirini, mchana kubonyeza mpira, jioni kusimama na kukaa. Generoza aliitazama ratiba ile kama mkaguzi wa shule, akanyanyua mguu mara tatu, akaulaza.

"Endelea, dada. Bado kumi na saba."

"Nimechoka kunyanyua mguu usiokwenda popote."

Mkuu wa shule alikuja kumwona na mkungu wa ndizi na kilo mbili za sukari. Alikuwa mtu mwema na alikaa muda mrefu kwenye ukingo wa kiti, akiizungusha kofia yake magotini, kabla ya kusema alilokuja kulisema. Shule ikifunguliwa mwezi wa kwanza, Mwalimu Generoza atahitajika darasani. Kama ataweza kufika kwa miguu yake na kusimama kipindi kizima, hakuna neno. Kama hataweza, yeye kama mkuu atalazimika kuandika barua astaafishwe kwa ugonjwa, na nyumba apewe mwingine. Mkuu alipoondoka nilimpakulia Generoza chakula, akakisukuma pembeni.

"Unajua Kanazi watanifanya nini?" alisema. "Watanitandikia mkeka kwa kaka. Asubuhi watanitoa juani, jioni watanirudisha ndani. Kila nikitaka kuinuka wataniambia pumzika, dada. Nitaambiwa pumzika mpaka nife."

Nilibadilisha ratiba. Nikaongeza rangi ya tatu.

Mwanzoni wageni walijaa. Walikuja na maziwa ya mgando, mayai, juisi ya ndizi kwenye madumu; walikaa wakiwa wamepanga nyuso zao, wakasali, wakamwambia Mungu ni mwema. Adabu ya kwetu ni kwamba mgonjwa haambiwi mambo mazito, na kwa jinsi walivyomheshimu Generoza hawakumwambia hata mepesi. "Najua Mungu ni mwema," alinilalamikia wakishaondoka. "Nilitaka kujua yule dereva wa lori amerudi kwa mkewe au bado." Kisha wageni wakapungua, kama wanavyopungua kila mahali, na mwezi wa kumi na moja ulipofika hakuwa akija mtu. Kitanda chake kilikuwa mbali na dirisha. Alisikia vicheko vya watu wakipita na ndoo lakini hakusikia walichocheka, naye akaanza kugeukia ukutani, upande usio na ratiba. Mimi nilikuwa nimeanza tena kwenda shambani Jumamosi. Nilimwambia naenda sokoni. Sijui nilidhani alikuwa anaona nini kwenye viatu vyangu.

Jumamosi moja, ambayo Masanja hakutokea shambani, nilirudi nikakuta kitanda kitupu. Nilitazama chini ya meza, nikatazama uani, nikakimbilia chooni, na hapo ndipo nikasikia sauti yake ikitoka jikoni kwa Mama Kulwa, ng'ambo ya ua. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele yake, viganja vimechubuka kwa kushika miti ya ua. Masanja alikuwa amesimama pembeni ya mafiga, ameinama kidogo, sura ya mtu aliyesimamishwa kujieleza.

"Umefikaje hapa?" niliuliza.

"Huyu na mkewe walikuwa wanagombana vizuri tu, kwa sauti ya juu, hapo uani, nasikia kila kitu," alisema Generoza. "Mahari ya binti yao Kulwa, ng'ombe wangapi, nani alikubali bila kumwambia mwenzake. Mara Masanja akaingia jikoni. Ningefanyaje?"

"Alipotokea mlangoni tulinyamaza wenyewe," alisema Mama Kulwa. "Nilidhani ni mzimu wa mtu. Halafu akaniambia, endeleeni."

"Na mmeendelea?"

"Tumeanza upya," alisema Masanja kwa huzuni. "Hakuwa amesikia mwanzo wote."

Nilihesabu baadaye, kwa kuwa bado nilikuwa mtu wa kuhesabu: hatua arobaini na mbili kutoka kitandani mpaka kwenye lile gunia. Ratiba yangu ya rangi tatu haikuwa imempeleka hata mlangoni. Usiku ule niliibandua. Nilikumbuka maneno ya nesi, kwamba tutafute kitu ambacho tukikikosa siku moja tutakasirika, na nikaona kwamba Generoza alikuwa amekasirika kwa wiki sita mbele ya macho yangu na mimi nikadhani ni ugonjwa.

Siku iliyofuata mimi na Mama Kulwa tulikubaliana. Hakuna habari itakayoletwa kitandani tena. Mgeni atakayekuja atasali, atasema Mungu ni mwema, na ataishia hapo. Habari zikae kwa wenyewe. Mama Kulwa alianza. Alikuja mlangoni asubuhi akasema yule mchumba wa Kulwa ametuma mjumbe, na mjumbe amesema jambo la ajabu, lakini ugali unaungua. Akaondoka. Generoza alivumilia dakika kumi. Baada ya wiki tukamwingiza mke wa mwalimu wa Hisabati, nyumba ya pili, ambaye alijua yote kuhusu dereva wa lori. Kisha mama mwenye genge pale njia inapopinda. Kila mmoja alitoa nusu na kubakiza nusu kwake nyumbani, na kila nusu ilikuwa mbali kidogo kuliko ya jana. Kabla ya Krismasi alikuwa anakwenda mpaka gengeni na mkongojo, akirudi jua linazama, jasho usoni, amejaa habari. Nami nikatembea naye, nikiwa nimeshika mkono wake wa kushoto, nikiwaza shamba.

Mtu asidhani alidanganyika. Jioni moja, tukiwa njiani, alisimama kupumua akasema bila kunitazama, "Najua mnachonifanyia, Domi. Endeleeni. Lakini mwambie mke wa mwalimu asinikatie habari katikati ya sentensi. Anikatie mwisho wa aya."

Siku ya kufungua shule tuliondoka kungali na umande. Mtu mwenye miguu mizima hutumia dakika ishirini kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni. Nilimsihi siku hiyo asisimame mahali, aende moja kwa moja, tusichelewe mbele ya mkuu. Alisimama kila mahali. Kwa Mama Kulwa, kwa mke wa mwalimu, gengeni, kwa fundi cherehani, na kila mahali alisalimia, akauliza, akasikiliza, akaegemea mlango au ukuta, akaendelea. Nilikuwa nimeuma meno. Ilinichukua mpaka fundi cherehani kuona kwamba zile nyumba ndizo zilizokuwa mapumziko yake, na kwamba kama angeenda moja kwa moja angeanguka kabla ya genge.

Tulifika kengele ikilia. Mkuu alitusubiri nje ya kidato cha tatu, akampa Generoza mkono, akaingia nyuma yake na kukaa dawati la mwisho pamoja na wanafunzi. Mimi nilikuwa na kipindi katika darasa linalotazamana na lile. Niliwapa kazi ya kuchora ramani nikasimama mlangoni nilikoweza kuona. Alifundisha akiwa ameegemeza nyonga kwenye meza. Alitembea kwenda ubaoni mara nne. Kipindi kilipofika zaidi ya nusu niliona goti la kushoto linaanza kutetemeka chini ya sketi, na wanafunzi wa mbele waliliona pia, wakaacha kuandika. Generoza aliendelea kusema. Mkuu akainuka. Alichukua kiti kilichokuwa kando ya mlango, akakipeleka mbele taratibu, bila kukiburuza, akakiweka nyuma ya Generoza, akabaki amesimama hapo. Sikujua kama ilikuwa huruma au hukumu, na nadhani hata yeye hakujua. Angekaa, barua ingeandikwa.

Generoza aligeuka akakitazama kile kiti. "Asante, mkuu," alisema. "Mikono ilikuwa imejaa." Akaweka juu yake kitabu, chaki na daftari la maandalio, akashika meza kwa mkono wake mzuri, akamalizia somo. Kengele ilipolia mkuu alimwambia atampa ratiba ya wiki kabla ya saa sita.

Vipindi viliisha saa nane. Kurudi nyumbani kulituchukua mpaka jua likaanza kushuka, kwa sababu safari hii alikuwa na habari yake mwenyewe, na kila nyumba ilistahili kuipata yote, tangu kengele ya kwanza. Hakumbakishia mtu nusu. Tulipofika kwa mke wa mwalimu wa Hisabati, miguu yangu, iliyokuwa imelima msimu mzima mwisho wa mstari wa Masanja, ilikataa. Generoza alikuwa bado amesimama uani, mkongojo umeegemezwa ukutani, anaonyesha kwa mikono yote miwili jinsi mkuu alivyokuja na kile kiti. Mimi ndiye niliyeomba kigoda.